Hesabu Nyuma ya Bahasha

Usiku, Devonport, kaskazini mwa Tasmania.
Mvua inagonga bati kama mtu anayedai.
Mtoto amelala na kiatu kimoja mguuni,
nami niko jikoni, nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
naandika:

siku tatu za kituo cha watoto,
mara bei ya siku moja,
toa kwenye mshahara wangu wa kiwandani,
pale ninapochambua vitunguu kwenye mkanda usiochoka,
vizima huku, vilivyooza kule,
saa nane wima, macho yakilia bila msiba.

Jibu: dola kumi na moja.
Kwa wiki.
Na petroli sijaigusa bado.

Brodie akacheka kile kicheko chake cha kukosa la kusema.
"Kumbe unafanya kazi
ili ulipie ruhusa ya kufanya kazi."
Mama akasema kwenye simu, "Sisi tuliwalea wenyewe, nyumbani."
Kweli, Mama. Na hadi leo, ukinywa chai,
unasimulia kaunta ya posta uliyoiacha mwaka niliozaliwa,
na muhuri, na jinsi ulivyokuwa ukilia: pah.

Halafu ile fomu.
Mwaka huu mtapata kiasi gani, wewe na mwenzio?
Nijuaje? Mimi si mpiga ramli.
Kiulizeni kitunguu. Mwulizeni msimamizi wa zamu
anayetuma ujumbe saa kumi na moja alfajiri: leo usije.
Nikakisia. Nikafuta. Nikakisia tena, chini kidogo,
nikaogopa, nikapandisha.
Wakasema watabakiza sehemu, akiba ya kosa langu,
mwisho wa mwaka tutahesabiana.

Ankara ikaja.
Katikati, neno moja: ruzuku,
na mbele ya tarakimu zake kistari,
kifupi kuliko ukope wa Lachie.
Tangu darasa la pili naogopa hesabu za kutoa.
Siku hiyo kutoa kulinitetea.

Usiniambie ni sadaka.
Nilianza kukatwa kodi nikiwa na miaka kumi na sita,
nikikaanga chipsi karibu na bandari.
Fedha hizi tunajuana.
Zilipita mkononi mwangu zamani,
sasa zinarudi, zimechoka njia.

Pengo limebaki, nalo nalilipa mimi, kila Ijumaa.
Mwezi wa saba vitunguu vilikwisha, zamu zangu zikapungua,
na saa za ruzuku nazo zikajikunja,
kana kwamba mtoto hukua
kwa kadiri mama yake anavyohitajika kiwandani.

Shauna wa nyumba ya pili anastahili kunishinda:
mapacha, na mume aliyekwenda migodini asipige simu.
Barua yake ya kukubaliwa ameibandika kwenye friji.
Nafasi hakuna. Ni wa arobaini na tatu kwenye orodha.
Ruzuku bila kituo
ni mwavuli uliofungiwa kabatini mwa mtu mwingine,
na mvua, kama nilivyosema, inagonga.

Na Thuy, anayemfuta mwanangu makamasi,
anayejua kwamba Lachie halali mchana
mpaka ashike sikio la mtu,
hata kama ni lake yeye Thuy,
mshahara wake nani anaukokotoa usiku huu,
nyuma ya bahasha gani?

Sina jibu. Nina dola mia na tisa zilizobaki wiki hii,
na viatu vipya vya mtoto, hicho kimoja amelala nacho.

Lakini jana, nilipokuwa nikianza hesabu hizi,
alipanda kitini, akaninyang'anya kalamu.
"Zamu yangu," akasema.
Neno la kituoni, la kwenye bembea,
la mtoto aliyefundishwa kungoja na kungojewa.
Akachora duara juu ya tarakimu zangu,
akachora jingine, likavuka ukingo wa bahasha
likaendelea mezani.
Sijalifuta.