Kovu la Anselmo

Siku ya tatu nikafungua bendeji.
Anselmo, mkata manyoya wa Trevelin,
akageuzia uso dirishani, kwenye theluji ya milima.
"Eluned, umenishona vibaya."

Nyuzi zangu sita, Anselmo, ni za kushikiza tu.
Mafundi wamo ndani, hawakupiga hodi:
seli za tishu unganishi, nyembamba, zenye ncha,
zinatambaa juu ya damu iliyoganda
zikitema kolajeni ovyo ovyo
kama mtu azibaye paa mvua ikinyesha.

Siku ya kumi zimeota misuli.
Zinakamata kingo za jeraha, zinavuta.
Unalalamika kigasha kinakubana.
Ndizo hizo.

Kazi ikipungua, nyingi hujifia.
Hakuna matanga.
Zinazobaki hufumua na kufuma upya, miezi na miezi,
uzi mnene mahali pa mwembamba,
na bado ngozi hairudi ilivyokuwa:
haioti laika, haitoi jasho.

Novemba akarudi bandani na mkasi wake.
Kondoo wa kwanza akampiga teke palepale.
Akakitazama kigasha, akakigeuza.
"Limeshika," akasema.
Asante hakusema.
Nami sikujua angeipeleka wapi.