Kilomita Saba za Mwisho

Reli haikututupa, hilo niliseme mapema.
Kila saa, dakika ya kumi na nane,
treni nyekundu kutoka Vienna husimama Hirschau,
hufungua milango, hupumua, huenda zake.
Tatizo huanzia pale lami ya stesheni inapokoma:
kilomita saba za mlima hadi Lindegg,
na basi la posta lilifutwa mwaka ule ule
kinyozi alipofunga duka.

Kilomita saba si kitu, husema mwenye gari.
Muulize Walburga na goti lake la chuma
jinsi kilomita saba
zinavyototoa vifaranga mwezi wa Januari.

Nilioka mikate miaka thelathini na moja.
Kuamka saa tisa usiku sikufundishwa na mtu.
Sasa naendesha gari la viti vinane,
la umeme, kimya kama paka aliyelamba maziwa,
na simu kwenye dashibodi hunipangia:
mchukue muuguzi darajani,
zunguka kwa fundi saa,
kisha Lindegg juu, watu wawili, ndoo moja.
Kila mmoja ameita kivyake, kwa saa yake,
nami nawasuka kama mkate wa sikukuu:
nyuzi tatu za unga,
tanuri moja.

Alhamisi ile theluji ilianguka ubavu ubavu.
Treni imechelewa, simu ikasema,
dakika ishirini na tatu.
Abiria mmoja. Lindegg. Atalipa taslimu.

Nikageuka. Tusubiri, au twende?
Kilian alitazama fidla lake kubwa,
lililoketi kiti chake lenyewe kama shangazi.
Selma, aliyekesha wodini usiku kucha
na mchana wake akaumalizia kwa mama mgonjwa,
hakufumbua macho, aliinua kidole tu: subiri.
Walburga akaikumbatia ndoo yake ya kabichi chachu.
"Treni haina adabu," akasema,
"lakini aliye ndani yake hana kosa."

Akashuka Eberwein.

Eberwein yule yule wa kikao cha kijiji,
aliyegonga meza kwa pete yake akasema
gari hili litabeba hewa,
hewa kwenda, hewa kurudi, kwa kodi zetu.
Tulimshinda kwa kura moja.
Sasa jicho moja limefungwa bandeji ya hospitali,
mguu unapapasa ngazi ya gari
kama mtu anayejaribu maji ya moto.

Nilikuwa na sentensi.
Nilikuwa nimeikanda tangu kikao kile,
imeumuka, imeiva, pembeni inaanza kuungua.

Walburga akaisogeza ndoo.
Basi. Hakuna aliyesema neno.
Akakaa. Akauliza nauli.
Yuro mbili na nusu, nikamwambia,
akazihesabu kwa vidole, moja moja,
akanipa tatu, akangoja chenji yake.

Kwenye kona ya pili, penye misonobari:
"Hapa pana shimo."
"Nalijua."
"Niliwaandikia barua kuhusu shimo hili."
"Najua, Bwana Eberwein."
Kilian akacheka puani, fidla likagonga dirisha,
na hata Selma, macho bado yamefumbwa,
mdomo ulimpinda kidogo.

Getini kwake alisimama na mlango wazi,
baridi ikituingilia sote.
"Na kesho kutwa," akasema, akiiambia theluji,
"nina daktari tena. Mtu hufanyaje?"
"Hupiga simu. Saa moja kabla."
"Saa moja," akarudia,
kama anayekariri anwani ya ugenini.

Niliwashusha wote, mlango kwa mlango,
nikateremka bondeni peke yangu
na viti vinane vitupu nyuma yangu.
Alisema kweli, basi: nilibeba hewa.
Ilinuka kabichi, na dawa ya hospitali,
na sufu iliyolowa,
na vioo, hadi stesheni,
vilikuwa bado na ukungu wa pumzi zao.