Kwetu Kuna Nini

Uliniuliza, Bi Ornella, nikiwa juu ya ngazi
nakufutia vioo vya sebuleni huko Torino:
"Kwenu Maramures kuna nini?"
Nikasema, "Milima,"
nikaendelea kufuta.
Nilikujibu kama mtu anayelipwa kwa saa.
Leo silipwi. Kaa nikwambie.

Kuna malango.
Mtu kwetu aweza kuwa na nyumba ya vyumba viwili, paa limebonyea,
lakini lango lake la mwaloni hupitisha
gari zima la nyasi kavu, na majivuno juu yake.
Toader alimchongea mkwewe lango kwa miezi saba:
jua kwenye kila nguzo,
kamba ya kusokotwa isiyo na mwanzo wala mwisho,
na chini kabisa, pasipoonekana ila kwa kuinama,
panya,
maana mkwe alimnyima tumbaku.

Kuna mti wa vyungu uani kwa Palaga,
mti mkavu, kila tawi limevishwa sufuria kichwa chini.
Ile nyekundu ya juu humwambia mpita njia:
humu mna binti wa kuozwa.
Binti mwenyewe, Nastasia, ana miaka thelathini na minne,
ang'oa meno ya watu mjini Cluj,
na kila Pasaka hupanda kuishusha.
Akiondoka tu, mama huirudisha.
Vita hivyo havina mshindi. Sufuria imepauka.

Kuna pipa la mbao kando ya mto,
pana kama chumba cha mtoto,
maji huporomokea humo yakazunguka, yakazunguka,
nasi twatupa ndani mablanketi ya sufi, mazulia,
uchafu wote wa majira ya baridi.
Hatutii sabuni.
Maji yapiga nguo, sisi twapiga soga,
na jioni twarudi na mambo ya watu
yakiwa yamefuliwa, yamekamuliwa, yameanikwa.

Na Jumapili, Bi Ornella, kuna fidla.
Fidla, gitaa linalochakachwa bila huruma, ngoma moja,
na viatu vya wanaume vikidai ubao useme.
Mwanamke hutupa ubeti katikati ya mchezo:

*Mume wangu yu mwembamba, kama uzi wa kitani,*
*nikimfunga kwa kamba, atoroka dirishani!*

Upande wa pili hawakubali kulala na deni:

*Mke wangu ni mcheshi, kwa wapita barabara,*
*kwangu kelele hazishi, kila siku ni hasira!*

Aliyetupa ule wa kwanza ni Irina wa Petrea,
ana miaka themanini na moja, marinda hayajambo.
Mume huyo mwembamba tulimzika zamani,
theluji ikiwa ya magoti.
Bado yuamtoroka.

Sikufichi, kuna na nyumba za ghorofa tatu
zenye roshani za vioo, mapazia yamefungwa,
wenyewe wako Paris, wako Milano,
wako juu ya ngazi za watu.
Mojawapo ni yangu.
Niliiwekea lango la chuma, lafunguka kwa kubonyeza kidude,
na Toader akapita mbele yangu majira mawili ya kiangazi
bila kunipa hata habari za asubuhi.

Mwezi huu nilikwenda kwake na chupa ya gongo la plamu.
Nikamwambia nataka la mwaloni.
Alikunywa, akanitazama viganja,
akasema gogo lazima likauke miaka miwili,
mti hautishwi kwa pesa za Torino.
Nikamwambia nitangoja.
Akauliza kama nina kisa naye,
ajue mapema pa kumchonga panya.

Septemba nitarudi, vioo vyako vitang'aa.
Ila ukitaka kuniuliza tena,
nishushe kwanza,
univutie kiti,
uweke na kahawa ya pili.