Mizani ya Nderingo

Jumamosi ya mwisho ya Novemba
mtaa wetu wa Pasua una Siku ya Kutoa.
Kitambaa hufungwa toka nguzo ya umeme hadi mpera wa shule:
KUTOA NI MOYO.
Nusu ya pili ya methali ilichanika mwaka ule wa mvua nyingi
na hakuna aliyeona haja ya kuishona.

Mimi hupangiwa sukari.
Magunia manne ya TPC, bado yana joto la lori,
rundo la mifuko ya kaki, kijiko cha bati,
na mizani ya sahani anayotuazima Nderingo wa duka la kona,
mwaka wa sita sasa, bila kudai shilingi.
Katibu humshukuru kwa kipaza sauti.
Humshukuru mara mbili.

Na kila mwaka, muujiza:
gunia la kilo hamsini hutoa mifuko hamsini na mitano.
Mzee wa kanisa husema, mnaona, mkono utoao hauishiwi,
akina mama hupiga vigelegele,
na orodha huongezwa majina ishirini.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto.
Miaka kumi na tisa naning'iniza vichanga kwenye ndoano,
naandika gramu kwenye kadi, namtazama mama usoni.
Mkono wangu unajua kilo
kama ulimi unavyojua chumvi.
Nikainua mfuko wa kwanza.
Sindano ilikuwa imesimama kwenye moja, wima, kama askari.
Mkono ukasema: huyu hajanyonya.

Nikasema kwa sauti.
Sijui kwa nini mwaka huu.
Kijiko kikatua. Katibu akakohoa.
Elinipenda akakimbia kliniki na ufunguo wangu,
akarudi na mizani ya watoto shingoni kama mkufu.
Tukapima. Gramu mia tisa.
Tukapima mwingine. Mia tisa.
Tukaimwaga yote kwenye turubai, tukaanza upya,
nyuki wakaja, watoto wakaja,
na muujiza ukaisha saa sita mchana:
mifuko mia mbili, majina mia mbili na ishirini.

Kwenye benchi, wa mwisho katika orodha,
Bibi Ndetaulwa akauliza kama arudi nyumbani.
Hakuna aliyemjibu.

Nderingo alikuja mwenyewe, kwa miguu,
ndoo mbili za sukari, kumi na kumi,
zimefunikwa kanga ya mkewe.
Hakusema neno.
Alichomoa mfukoni jani la isale, bichi, kutoka mpaka wa kihamba cha baba yake,
akalilaza juu ya sahani ya mizani.
Sindano haikutikisika.
Na mwenye isale hafukuzwi, hilo hata watoto wanalijua.
Tukampa kijiko. Akapima, kwa mizani ya vichanga,
jasho likimdondoka puani.

Ingekuwa hadithi nzuri kama ingeishia hapo.

Lakini mimi nilijua tangu mwaka juzi.
Sukari yangu nainunua mjini, pakiti imefungwa, imepigwa muhuri,
kwa sababu nilijua.
Wanaonunua robo kwa Nderingo
ni hawa hawa wa kwenye benchi,
robo leo, robo keshokutwa, siku mia tatu na zaidi,
na kila robo imenyofolewa kidogo kama mkate na panya.
Nilipita pale nikasalimia. Habari za biashara. Nzuri.
Siku moja tu nilifungua mdomo,
siku sukari ilipokuwa yetu
na sifa zilipokuwa zetu.
Isale yangu mimi nitaipeleka kwa nani?

Jumatatu jioni mtoto wa Mama Aikaeli alipita mlangoni
na robo yake ndani ya gazeti lililosokotwa.
Nikamwita. Lete nione.
Nikaiweka kiganjani,
nikafumba macho.