Arobaini

Kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja,
Otari alisimama kwenye kichwa cha meza
na pembe ya divai mkononi, ikimchuruzika hadi kiwikoni.
Aliitakia heri nchi, akawakumbuka marehemu,
akawasifu mama wa watu wote.
Kila sifa iliondoka kwenda kwa mwenyewe
ikarudi imembeba yeye mgongoni.

Vitenzi vyake vyote vilianza na ni-.
Nilipanda, nilishinda, nilimwambia waziri.
Tu- ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.
Mimi nilikuwa u-:
umechelewa, umenenepa, umesahau chumvi.
Siku nyingine sikufika hata hapo,
nilikuwa ki-, ngeli ya viti na visu.

Sisemi alinipiga. Hakunipiga.
Watu huuliza hilo kwanza, na nikijibu hapana
huinua mabega, hesabu imekwisha.
Lakini mtu huweza kumalizika bila jeraha,
kama sabuni: mikono ya mwenzio inang'aa
na wewe unapungua.

Baba alikufa Februari, theluji imekuwa tope.
Arobaini yake niliipika peke yangu:
maharage, uyoga, ngano iliyochemshwa kwa asali na zabibu,
nyama hakuna, ilikuwa Kwaresima.
Otari akainuka. Nikaweka mwiko chini.
Leo, nilijiambia. Leo hata yeye.

"Mzee huyu," alisema, "alinipenda kuliko wanawe."
Kisha mlima. Kisha ile baridi. Kisha kamba ilivyokatika
na nani aliyeishika.
Shangazi Tsiuri alikitazama kitambaa cha meza.
Nilingoja jina.
Pembe ikapinduliwa, ikanywewa hadi tone,
na jina halikuja.

Shalva.
Aliitwa Shalva. Alitengeneza saa za watu.
Silabi mbili tu, Otari.

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema.
Sikujua kwamba baba ndiye atakayenihesabia.

Sikuvunja kitu, sikupaza sauti.
Niliacha sahani ishirini na mbili na mafuta yake,
nikachukua koti, saa ya baba isiyokwenda, cheti changu cha ufamasia,
nikateremka ngazi za Sololaki moja moja,
goti la kushoto likilalamika.
Dirisha lilikuwa wazi. Bado alikuwa anahutubu.
Hakukatiza hata sentensi.
Hilo ndilo lililonipa miguu.

Sasa ninakaa ng'ambo ya mto, Avlabari,
chumba kinachonukia mkate tangu saa kumi alfajiri
kwa kuwa tanuri la Gocha liko chini ya kitanda changu.
Otari amepiga simu mara tatu,
zote kuuliza shati lake la kijivu liko wapi.
Mara ya tatu nilimwambia sijui.
Ninajua. Dhambi hiyo naibeba kwa raha.

Usidhani nimepona. Kuna usiku naandaa vikombe viwili.
Na jana dukani muuzaji aliniuliza nataka jibini gani,
nikasimama kama mwanafunzi aliyekuja bila kusoma.
Miaka yote ile nilijua jibini yake tu.
Watu wakajipanga nyuma yangu, wakakohoa.
Nikaonja ile ya moshi. Nikaonja ya pili.
Nikarudia ya moshi, waache wakohoe.
"Ninataka hii," nilisema,
na ile ni-, ndogo, yangu,
ikakaa ulimini, ina chumvi.