Supu Imepoa, Nahodha

Siku hizo meli kubwa hazikuja gatini kwetu Tanga.
Zilitia nanga kule, penye maji marefu,
na matishari ndiyo yaliyozifuata
kama mtu anayefuata deni lake.
Baba alipanga marobota ya mkonge tisharini
miaka ishirini na sita.
Ndani ya meli hakuingia hata siku moja.
Alizijua kwa kutu ya ubavuni.

Ndipo ikaletwa filamu ile, kwa makosa:
mikebe sita iliyokuwa iende Jibuti.
Bwana Kurji, mwenye sinema, akakuna kidevu.
Kifaransa!
Akatazama kalenda: kesho Idi Mosi.
Akauza tiketi.

Semhando akasimama mbele, viti vya senti hamsini:
"Nitawafasiria mimi.
Nimeosha sahani za Wafaransa miezi tisa."

Basi taa zikazimwa, nasi tukapanda.
Ngazi zenye zulia, vioo, wanawake wenye shingo ndefu,
na mpishi mnene asiye na tiketi
kajikunja ndani ya sanduku la mke wa balozi,
mguu mmoja nje, soksi imetoboka.
Anatoka, anavaa koti la nahodha;
nahodha mwenyewe yuko bafuni, anaimba.
"Anasema nini?"
"Anasema supu imepoa!"
Ukumbi ukapasuka.

Kila mdomo ulipofunguka, Semhando alikuwa na neno.
Yule bibi wa lulu analalamikia bei ya nazi.
Yule mwenye miwani anadaiwa kodi
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
ndiyo maana kakimbilia baharini.
Baba alicheka hata akakamata mkono wa mtu asiyemjua,
akacheka hata utepe ukakatika, harufu ya kuungua,
na gizani tukamsikia yeye peke yake
bado anacheka.

Mwishoni nahodha, kajifunga taulo, anamkabili mpishi.
Kimya. Maneno machache.
Semhando akakohoa.
"Anamwambia: baki. Chumba kipo.
Hata wewe, chumba kipo."
Baba akavua kofia.

Wiki ile winchi ikikwama, wachukuzi walisema
"Nahodha, supu imepoa,"
na wapo wanaosema hadi leo,
hawajui wameitoa wapi.

Mwaka jana binti yangu kaipata, ina maandishi chini.
Supu haimo. Filamu nzima hakuna supu!
Na nahodha, na taulo lake, anasema:
Bandari ya kwanza, mshusheni.
Nikairudisha nyuma mara tatu.
Kumbe Semhando, Mungu amrehemu,
alikuwa na "mersi" tu, na "bonjua",
na hiyo "bonjua" aliitumia hata usiku.

Nikakata kipande cha gazeti,
nikakibandika chini ya kioo kwa plasta ya kidonda,
maandishi yakafunikwa.
Binti akaniangalia.
"Sasa baba, huyu anasema nini?"

Nikakohoa.