Kufuli Lina Uzito Gani

Saa nane usiku, Machomanne.
Faki kalala chali chini ya pikipiki isiyo na bomba la moshi,
kaiinua juu ya matofali,
waya wa solda mdomoni kama mswaki.
Nami nimekalia kreti la soda, kompyuta mapajani,
nasoma orodha ya waliobisha mlango wa hospitali.

Hawabishi kwa mkono.
Mmoja kajaribu nywila elfu sita tangu isha,
kwa subira, bila kukohoa.
Wanasema mwizi ana siku arobaini.
Huyu zake hazihesabiki; wa kuhesabiwa ni mimi,
na mara nyingi sina hata moja.

Umeme wetu watoka Tanga, chini ya maji,
na mtandao nao ni waya tu.
Yeye hupita humohumo, hana paspoti, hatapiki melini,
ameshatua Pemba kabla sijamaliza kupiga mwayo.

"Nipe koleo," asema Faki.
Juzi alifunga mota akaisifia majirani.
Jana kijana wa Wete kaja na nyingine, ndogo, nyepesi, yenye mbio zaidi,
na leo ile ya juzi ni ya kuzuilia mlango.
Namwelewa. Kiraka nilichotia Jumatatu
Jumatano kilikuwa kitambaa tu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, bibi akituambia,
lakini bibi hakuuona ufa wa siku hizi:
una miguu.

Kisha nikaiona pikipiki yake ndani ya simu yangu.
Imejitangaza yenyewe: jina, chaji asilimia tisini na moja.
Nywila, moja mbili tatu nne.
Nikagusa. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani
na Faki akatoka mvunguni akisoma Ayatul Kursi.

"Nitaitia kufuli."
"Nimeng'oa kiti, Raya. Nimetoboa hata vikanyagio vipungue gramu.
Kufuli lina uzito gani?"
"Nusu sekunde, ukiwasha."
Akanitazama kama vile nimemwomba figo.

Jumapili, barabara mpya, lami haijafunguliwa.
Watu waliombwa waanue karafuu. Wakaanua,
ila Bi Mgeni, aliyesema mashindano yazunguke mkeka wake,
na yakazunguka.
Hakuna mngurumo. Watoto kwanza walivunjika moyo:
pikipiki kumi na moja zapita kama uvumi,
mlio wa mbu, halafu upepo,
halafu harufu ya karafuu iliyotimuliwa.
Faki aliikata kona ya mkeka kwa goti.

Wa pili. Kwa nusu sekunde.

Hakuniambia neno. Nami sikumwambia
kwamba pale konani simu yangu ilikuwa inaziona zile kumi,
wazi, moja mbili tatu nne,
na ya yule wa Wete ikiongoza,
na kidole changu kilikuwa juu ya kioo,
na kidole changu, kama mimi, kina kaka.
Nikakitia mfukoni.
Kilitoka jasho humo.

Baada ya isha akaja na chai, tangawizi nyingi mno,
akaniwekea simu yake mapajani.
"Badilisha," akasema. "Ile ya jana imeshazeeka."

Kule hospitali mtu alikuwa kaanza kubisha upya.
Elfu saba na moja.
Elfu saba na mbili.